Woka ya nyuma: mrejesho wangu baada ya miezi minne

Wazazi wenzangu wenye watoto wa osteojenesisi imperfekta, ule ugonjwa wa kuzaliwa nao wa mifupa kuvunjika kirahisi, naleta mrejesho maana kipindi natafuta woka, kile kifaa cha magurudumu anachoshikilia mtoto akitembea, sikupata mtu wa kuniambia ukweli. Wangu ana miaka sita, aina ya nne, anapigwa dripu ya pamidroneti, dawa ya kuimarisha mifupa, kila miezi mitatu na paja la kulia lina chuma ndani, ile inayorefuka kadiri anavyokua.

Tulianza na woka ya kusukuma mbele kama za mabibi, mtoto akawa anatembea kainama utadhani anatafuta hela imedondoka. Mtu wa mazoezi akatwambia tutafute ya nyuma, yani chuma zinamzunguka kwa mgongoni huku mbele kuko wazi, halafu magurudumu ya nyuma yana kizuizi hayarudi kinyume. Jamani tofauti ni kubwa, mgongo umenyooka kabisa. Ila mpime kwanza dukani, akishika viwiko vikunjike kidogo tu.

Tuliichukua mtumba, laki mbili na nusu, duka silitaji maana kizuizi cha kushoto kilikua kimelegea na muuzaji ananiambia "itakaza yenyewe mama". Itakaza yenyewe wapi! Fundi baiskeli wa mtaani kaikaza kwa buku tatu, akanizungushia na vipande vya tyubu kwenye vishikio maana plastiki yake inateleza mkono ukitoka jasho.

Kwenye tailizi inateleza vizuri sana. Nje kwetu mchanga, magurudumu yanazama, akilazimisha anajipinda mwili mzima na mimi roho inaniruka, kwahiyo nje bado nambeba.

Pia msinunue mkategemea muujiza. Kila akivunjika akafungwa hogo (plasta), akitolewa misuli inakua imeisha, na mfupa usiobebeshwa uzito nao unazidi kulegea, ndo maana tulianza kwanza kutembea majini maji yakambeba, wiki kama saba hivi, ndo tukaja kwenye woka.

Ndani naipa nyota nne, nje moja. Juzi nasikia kimya kirefu, naenda jikoni nakuta woka imeegeshwa, yeye kashika mlango wa friji kwa mkono mmoja anakunywa juisi ya mdogo wake. Nimemgombeza huku nacheka. Anaejua yanapouzwa magurudumu makubwa ya kuingia humu anistue.