Namba Saba Mfukoni: Uzoefu Wangu wa Njia za Miguu za Bonde la Dijle na Msitu wa Meerdaal

Shangazi yangu alipokuja kunitembelea Leuven, hapa Ubelgiji, mwezi wa Aprili, alinipa sharti moja tu: tusishinde mjini. Ana umri wa miaka 63, goti lake la kushoto humsumbua anaposhuka ngazi, na amekulia Lushoto, ambako hata kwenda sokoni ni kupanda na kushuka. Nilihitaji njia nyepesi kwa goti ambayo isingemchosha macho kwa barabara za lami na maduka, ndipo nikaamua kuujaribu mtandao wa njia za miguu wa Zuid-Dijleland, unaoanzia kusini mwa mji huu. Nayaandika haya hasa kwa ajili ya ndugu wanaoishi Ubelgiji bila gari, ambao wana mgeni wa kumtembeza au Jumapili isiyo na shughuli.

Utaratibu wenyewe unastahili kuelezwa kwanza, kwa sababu ndio huduma ninayoisifia. Katika eneo la Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, kila mahali njia mbili au tatu za mtandao zinapokutana pamewekwa nguzo yenye namba, na mishale inayoonyesha namba za jirani. Mtembeaji hahitaji kujua jina la kijiji wala kuuliza mtu. Anachagua namba kwenye ramani, anajumlisha kilomita zilizoandikwa kati ya namba na namba, kisha anaandika mfuatano wake na kuondoka. Wazo hili lilianza kwa baiskeli, mwaka 1995, katika jimbo la Limburg, na aliyelibuni, Hugo Bollen, alikuwa mhandisi wa machimbo ya makaa ya mawe, ambako kila njia panda ya chini ya ardhi sharti itambulike. Watembea kwa miguu wakapata mtandao wao baadaye. Hakuna kiingilio wala lango, na kupanga njia kwa simu ni bure. Mimi niliandika namba saba kwenye kipande cha karatasi nikakitia mfukoni, maana simu huishiwa chaji. Shangazi alipoiona nguzo ya kwanza aliizunguka, akaisoma pande zote, akasema, “Mwanangu, hawa watu wamehesabu hata njia panda!”

Tulipanda treni ya kwenda Ottignies tukashuka Sint-Joris-Weert, safari ya takriban robo saa kutoka Leuven, na mpango wetu ulikuwa kumalizia matembezi kwenye stesheni ya Oud-Heverlee iliyo kwenye reli hiyohiyo. Hiyo ndiyo hekima kubwa ya njia hii kwa mtu asiye na gari: hulazimiki kurudi ulikotoka. Kwa hesabu ya simu yangu tulitembea kilomita 12 kwa mwendo wa shangazi, tukisimama mara nyingi, na tulitumia saa tano pamoja na chakula.

Sehemu ya kwanza ni Doode Bemde, hifadhi ya ardhi oevu iliyo kando ya mto Dijle. Mto wenyewe si mkubwa, lakini unaachwa ujipinde utakavyo na ufurike majira yake, na kwa sababu hiyo sehemu za njia zimejengwa kwa mbao zilizoinuliwa juu ya maji na matete. Mbao hizo ni nyembamba, hivyo mkikutana na watu mmoja husimama pembeni na kusalimia, na salamu hiyo ni ya lazima kuliko mjini, jambo lililomfurahisha sana shangazi yangu, aliyekuwa ameshakata tamaa na watu wasiosalimiana ndani ya basi. Tuliona miti iliyoguguniwa shinani hadi ikabaki kama penseli iliyochongwa, kazi ya biva, mnyama wa jamii ya panya anayejenga mabwawa, ambaye alikuwa ametoweka katika bonde hili kisha akarudishwa. Biva mwenyewe hatukumwona, kwa kuwa hutoka usiku. Mvua ikiwa imenyesha, mbao huteleza kama zimepakwa sabuni, na mwenye goti bovu ni heri ashike fimbo.

Katika kijiji tulichokipitia baada ya hapo tulikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Nyumba ni za matofali mekundu, kanisa liko katikati na mnara wake huonekana kutoka kila upande, na bustani zimepunguzwa majani kwa uangalifu unaokaribia kuwa ugonjwa. Katika mkahawa mmoja tuliagiza chakula cha asili cha Brabant, eneo tulilokuwamo, ambacho ni slesi pana ya mkate wa ngano iliyopakwa jibini nyeupe laini, mithili ya mtindi mzito uliochujwa maji, na juu yake figili zilizokatwa nyembamba, majani ya kitunguu na chumvi. Shangazi alikitazama kwa mashaka, akaondoa figili moja akaionja peke yake, kisha akamaliza slesi mbili. Kahawa ililetwa na biskuti ndogo ya mdalasini kwenye kisahani, kama ilivyo desturi ya nchi hii. Angalizo ni kwamba mikahawa mingi ya vijijini hufungwa Jumatatu na Jumanne, hivyo anayekwenda siku hizo abebe chakula chake.

Baada ya kijiji tulipotea, na kosa lilikuwa langu kwa nusu. Mtandao wa baiskeli na mtandao wa miguu una namba zake mbalimbali, na mahali pengine vibao vyake husimama karibu karibu. Mimi niliiona namba niliyoitafuta nikaifuata kwa furaha, bila kutazama kwamba kibao kile kilikuwa cha baiskeli, tukatembea kilomita nzima kwenye lami huku tukipigiwa kengele na waendesha baiskeli waliovaa nguo za mashindano. Nusu ya pili ya kosa ni ya wale wanaotunza njia, kwa kuwa kibao cha miguu kilichotakiwa kutuonyesha kona kilikuwa kimefunikwa na matawi ya kichaka. Ushauri wangu ni kuutazama muundo na rangi ya kibao kabla ya kuisoma namba.

Hatimaye tuliingia Meerdaalwoud, yaani msitu wa Meerdaal, na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini watu husafiri mbali kuja kuuona msitu usio na mlima wala maporomoko. Wataalamu wa Flanders huuita msitu kuwa wa kale iwapo unaonekana kwenye ramani aliyoichora Joseph de Ferraris, jenerali wa Austria, na askari wake katika miaka ya 1770, na haujawahi kufyekwa ukawa shamba tangu hapo. Misitu ya aina hiyo imebaki michache katika eneo ambalo karibu sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo yenye miti. Meerdaal ulinusurika kwa sababu kwa karne nyingi ulikuwa mali ya makabaila wa koo za Croÿ na Arenberg, waliotaka mbao na mawindo, si mashamba. Hata hivyo, ukale huo haumaanishi kwamba hapajawahi kuguswa, maana ndani ya msitu kuna mabaki ya makazi na makaburi ya zama za Warumi, na pale penye mwaloni leo, mtu fulani aliwahi kulima. Mimi niliyezoea kuambiwa kwamba msitu wa asili ni ule ambao binadamu hajaufikia, nililitafakari jambo hilo kwa muda.

Aprili ndio mwezi wake. Majani ya mialoni yalikuwa bado hayajafunguka, kwa hiyo jua lilifika hadi chini, na sakafu ya msitu ilikuwa imetandazwa maua meupe ya anemoni, kila moja dogo kama kifungo cha shati, yakifuata jua na kujifunga mawingu yalipopita. Ua hilo huwahi kuchanua kabla ya kivuli kurudi, na huenea polepole mno, sentimita chache kwa mwaka, kiasi kwamba ukiona zulia lake kubwa umeona pia ushahidi wa umri wa msitu. Shangazi alichuchumaa, goti na yote, akachimbua kidogo kwa kidole, akaniambia udongo ni mzuri na kwamba hapa maharage yangekubali. Nilimwomba asiendelee kuchimba, kwani sheria za hapa zinataka mtu abaki njiani na asichume kitu. Alicheka, akasema Magamba, msitu wa hifadhi wa kwao Lushoto, nako siku hizi ni vivyo hivyo.

Udongo huo aliousifu ndio uliotuadhibu baadaye. Ni vumbi laini lililoletwa na upepo zama za barafu, na likilowa huwa tope linaloshika kiatu na kukibakiza nyuma. Njia kuu za msituni ni pana na ngumu, lakini kipande kati ya namba yetu ya tano na ya sita kilikuwa kimevurugwa na kwato za farasi, na kwa mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto hakipitiki kabisa. Kwa hiyo neno “rahisi” lipokewe hivi: miinuko ni midogo, hakuna genge la kuporomokea popote, lakini viatu vya raba vya mjini havifai kabla ya Mei. Mkifika nyumbani mkaguane pia kupe, hasa nyuma ya magoti na kiunoni, kwa sababu wanaeneza ugonjwa wa Lyme. Sisi tulimkuta mmoja kwenye soksi yangu.

Tulitokea Zoet Water, mahali penye mabwawa yaliyopangana na kikanisa kidogo cha Bikira Maria wa Steenbergen. Jina hilo maana yake ni maji matamu, kwa kusudio lilelile la watu wa pwani yetu, yaani maji yasiyo na chumvi. Jumapili alasiri pamejaa familia, watoto na aiskrimu, na baada ya utulivu wa msituni nilipaona pana kelele. Hapo tulitaka kupanda basi ili goti lipumzike, tukakuta kituo kimebandikwa tangazo kwamba hakitumiki tena, ilhali kwenye simu yangu basi lilikuwa bado linaonyeshwa kuwa linakuja. Tuliongeza mwendo hadi stesheni ya Oud-Heverlee, polepole, shangazi akiwa ameshika mkono wangu, na tukaikosa treni kwa dakika mbili.

Wiki iliyofuata nilikwenda Hallerbos, karibu na mji wa Halle, kwa sababu kila mtu alinisisitiza. Msitu huo una hekta zipatazo 552, na kuanzia katikati ya Aprili maua ya hiasinti za mwituni huugeuza kuwa wa buluu. Miti yake mingi si mizee, kwa kuwa ilikatwa na jeshi la Wajerumani katika Vita vya Kwanza vya Dunia na ikapandwa upya kati ya 1930 na 1950, ila maua ya chini yalisalia. Ni kweli unapendeza, lakini nilitembea katika foleni, na nilishuhudia watu wakiingia katikati ya maua ili wapigwe picha, ingawa hiasinti ikikanyagwa huchukua miaka kurudi. Anayetaka kwenda aende siku ya kazi, saa moja asubuhi. Kwa nyota, Meerdaal naupa nne kati ya tano, nikiwa nimekata moja kwa ajili ya kile kibao na kituo cha basi. Hallerbos wakati wa maua naupa tatu.

Shangazi amesharudi Lushoto na karatasi ya namba saba ameondoka nayo. Mimi nimeandika nyingine, yenye namba nane, inayokizunguka kile kipande cha tope.