Kutazama ndege Ghuba ya Mnazi, Msimbati: uzoefu wangu

Msimbati, kijiji cha pwani mkoani Mtwara, inasifiwa kwa mchanga mweupe na kuogelea. Mimi nilikwenda kwa ajili ya ndege, na kwa anayependa ndege wa pwani sijaona pa kupalinganisha na hapa kusini kote. Eneo liko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000: kilomita za mraba 650 za bahari, visiwa, mikoko na vijiji ambavyo watu wake wanavua na kulima humohumo. Njia kutoka Mtwara mjini inapita Madimba, kwenye mitambo ya gesi, kisha unaingia kwenye minazi na mikorosho. Msimu wa korosho unasikia harufu ya mabibo mpaka ndani ya gari.

Kila kitu hapa kinategemea maji. Ukienda hujui maji yanajaa saa ngapi, umepoteza nauli. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari inapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yakipwa mafungu ya mchanga na matope yanabaki wazi mbali sana. Ndege wote wanatawanyika huko kutafuta chakula, na hata kwa darubini nzuri utaona vidoti tu. Tuliozoea msituni tunajua kudamka alfajiri. Hapa sivyo. Pwani yetu, siku za mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka mnamo saa 4 asubuhi na kujaa mnamo saa 10 jioni. Saa zenyewe za ndege ni kuanzia saa 7 mchana, maji yanapofukuza ndege kutoka fungu hadi fungu kuja ufukweni.

Hilo nilielezwa na mama mmoja wa kijijini anayekusanya pweza, ambaye tulimwomba atuongoze. Mdogo wangu alitaka kuwafuata ndege kwa miguu, mama akamzuia: "Kaa hapo mwanangu, usiwakimbize. Bahari itawaleta." Tukakaa kivulini. Maji yalipoanza kupanda wakaja kweli, makundi kwa makundi: sululu wenye midomo iliyopinda, vitwitwi, membe, na chamchanga wadogo waliozaliwa kaskazini kabisa mwa Siberia.

Niliyemfuata hasa ni yule mla kaa, Dromas ardeola kwa jina la kisayansi. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama koleo. Anazaliana Somalia na pwani za Uarabuni, anachimba shimo mchangani na kutaga yai jeupe humo, jambo ambalo jamaa zake wengine wa ufukweni hawafanyi. Kuanzia Agosti hivi hushuka kwetu, hadi Aprili. Nilichokipenda kuliko vyote ni makinda. Wana rangi ya kijivu mgongoni, wamekwisha kuruka safari yote hiyo ya bahari, na bado wanamfuata mzazi wakilia walishwe! Nilimwona mmoja akimng'ang'ania mzazi wake mpaka akapewa kaa. Nilishusha darubini nikampa mdogo wangu, maana sikutaka akose.

Kero yetu ilikuwa usafiri. Dereva tuliyemkodi mjini alikubali kushinda nasi, lakini ilipofika saa 7 akaanza kupiga honi akitaka kuondoka, saa ileile ndege walipoanza kufika. Tulimwongezea pesa akatulia. Mpatane kabla kwamba mtabaki hadi saa 11 jioni, na malipo ya mwisho yatolewe mkirudi.

Mikokoni tulipita haraka. Tulimsikia mdiria wa mikoko akipiga kelele, tukamwona mara moja, mdomo mwekundu mtupu. Anayetaka kumfaidi atenge siku nyingine na akodi mtumbwi.

Kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni wa nje, ila beba kitambulisho na udai risiti. Beba pia darubini yako, kofia, maji ya kutosha na viatu vya kulowa, kwa sababu matope ya kule yana magamba yanayokata. Mtafute mwongozaji kijijini, hasa kati ya kinamama wa pweza. Wanayajua mafungu yote, na fedha inabaki pale pale kwa watu wanaoishi na hao ndege. Ukichelewa kujipanga mwaka huu, Oktoba na Novemba ndiyo miezi ninayoipendekeza, kabla mvua hazijaanza kuharibu njia na makinda wakiwa bado wanalishwa. Kama bamvua itaangukia siku ya kazi, omba ruhusa.