Kompyuta ya gemu: mtumba wa ofisini au kujiundia?

Kwa bei, kompyuta ya ofisini ya mtumba kutoka Luthuli au Moi Avenue, Nairobi, ni ngumu kuipiku: prosesa, RAM na kasha kwa mkupuo mmoja. Ukiwa mtu wa gemu kama Valorant na GTA V, inakutosha.

Kikwazo ni pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya kompyuta. Nyingi hazina waya wa pini 6 wa kadi ya grafiki, hivyo unabaki na wati 75 za sloti ya PCIe (tundu la ubao mama linalochomekwa kadi), yaani kadi kama GTX 1650 isiyohitaji waya wa ziada. Kubadilisha pawa saplai nako ni shida, kwa sababu mara nyingi plagi ya ubao mama si ya kawaida. Mwombe muuzaji afungue kasha uone kabla ya kulipa. Kasha jembamba hutaka kadi ya kimo kifupi (low profile).

Kujiundia kwa ubao mama wa B550 na prosesa ya Ryzen 5 5600 hugharimu zaidi, tena prosesa hiyo haina grafiki ndani. Bila kadi, skrini haionyeshi kitu. Ila anayenunua kidogo kidogo atafaidika hapa: RAM mbili za 8GB, pawa saplai ya wati 550, na baadaye Ryzen 7 5700X3D kwenye soketi ileile, ukishasasisha BIOS (programu ya ndani ya ubao mama).

Vumbi, zote zipulize. Mtumba pia upake thamo pesti mpya, ile dawa ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipoozi chake.