Nyumba pacha za Leamington zilivyochorwa upya Nakuru: tathmini ya msanifu tuliyemwajiri

Mimi na kaka yangu tulirithi kiwanja kimoja cha futi hamsini kwa mia pembezoni mwa Nakuru, na badala ya kubanana na nyumba mbili zinazopeana mgongo, tulikubaliana kujenga nyumba pacha zenye ukuta mmoja wa kati. Wazo hilo nilikuwa nalo tangu nilipokuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Warwick nchini Uingereza, kwa kuwa wanafunzi wengi wa huko, nami nikiwa mmojawapo, hupanga vyumba katika mji jirani wa Leamington Spa. Kwa hiyo ofisi ya usanifu tuliyoiendea, ambayo sitaitaja jina kwa sababu itakayoonekana hapa chini, ilipokea picha nyingi kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Picha zilizo nyingi zilikuwa za Lansdowne Circus, mtaa uliobuniwa na William Thomas katika miaka ya 1830, enzi ambayo wenye nafasi walimiminika mjini humo kunywa na kuoga maji ya chumvi ya chemchemi yaliyosemekana kutibu maradhi. Mgeni wa namna hiyo hakuwa lazima na fedha za kujenga kasri, lakini alipenda kuonekana kana kwamba anaishi ndani ya kasri, na hapo ndipo nyumba pacha zilipofaa: familia mbili zinagawana ukuta, paa na gharama, huku anayepita barabarani akiona jumba moja pana lenye pande mbili zinazolingana. Aghalabu katika nyumba za aina hii milango huwekwa mbali na ukuta wa kati, pengine ubavuni kabisa, ili mbele pasije pakaonekana milango miwili iliyobanana ikaifichua siri. Hata kuta zenyewe zina udanganyifu wake, kwani ni matofali yaliyopakwa plasta laini ili yadhaniwe kuwa mawe. (Thomas mwenyewe alifilisika baadaye, akahamia Kanada mwaka 1843, na huko Toronto akajenga majengo ambayo watu huyaendea hadi leo.)

Sifa kubwa ya msanifu wetu ni kwamba aliielewa hila hiyo bila kuiga mapambo. Nilipomwomba plasta nyeupe iliyochorwa mistari, aliniuliza kwa upole kwa nini nifiche mawe halisi ya kuchonga ili nichore mawe ya uongo juu yake, nami sikuwa na jibu. Roshani za chuma cha kusubu, ambazo ndizo fahari ya Leamington, alizigeuza kuwa baraza pana upande wa mbele, na vyuma vyake vikapindwa na mafundi wa Jua Kali kwa mchoro sahili ambao hauna aibu kuwa wa hapa. Madirisha makubwa ya kule yalitengenezwa kulikaribisha jua haba. Sisi tulio karibu na ikweta tunalikwepa la alasiri, kwa hiyo aliyaelekeza kaskazini na kusini akaacha ukuta wa magharibi karibu mtupu. Lililonifurahisha zaidi ni msingi. Udongo wetu wa majivu ya volkano hutitia na kupasuka mvua zikizidi, naye akasisitiza zege moja iliyotandazwa chini ya nyumba zote mbili, kwani upande mmoja ukizama peke yake, ukuta wa kati ndio utakaopasuka kwanza.

Ajabu ni kwamba mtu aliyeufikiria ukuta huo kwa makini kiasi hicho kutoka chini aliusahau juu. Katika ramani zake ukuta uliishia kwenye dari, na kutoka hapo hadi kwenye mabati pakabaki uwazi mmoja unaounganisha nyumba zote mbili. Tulihamia Aprili, usiku wa kwanza nikasikia taarifa ya habari ya kaka neno kwa neno, na wifi yangu akaniuliza asubuhi kama kikohozi kimepungua. Sauti ni kero tu. Moto ukizuka jikoni kwa mmoja, ungepita darini hadi kwa mwenzake bila kizuizi chochote. Nyumba pacha yoyote inayostahili jina hilo hupandishwa ukuta wake hadi upande wa chini wa paa.

Nilipompigia, msanifu hakubisha. Alikuja siku ya pili, akapanda darini mwenyewe, akachora marekebisho bila kudai ada, lakini gharama ya mawe, simiti na fundi alituachia sisi, jambo ambalo kaka amelisamehe nami bado. Ningemrudia kwa kazi nyingine, ila safari hii ningemwomba mchoro unaoikata nyumba kutoka msingi hadi mabati, na nisingetia sahihi kabla sijaufuata ule ukuta kwa kidole hadi mwisho.