readr na aina za data: tathmini kutoka meza ya takwimu, Tukuyu

Msimu wa parachichi unapoanza Rungwe, vituo vyetu vya kupokelea mazao hutuma faili za CSV (majedwali ya maandishi ambayo safu zake hutenganishwa kwa koma) zenye jina la mkulima, namba ya simu, tarehe, aina ya tunda na uzito. Kwa misimu miwili nilizisoma kwa read.csv, amri iliyomo ndani ya R yenyewe, lugha ya programu ya takwimu, na misimu yote miwili kila namba ya simu ilipoteza sifuri yake ya mwanzo, kwa sababu safu yenye tarakimu tupu huchukuliwa kuwa hesabu. Siku ya kutuma ujumbe wa malipo tulikuwa tukizirudisha sifuri hizo kwa mkono.

Kwa haki, colClasses, sehemu ya read.csv ya kutajia aina za safu, ingeweza kulizuia kosa hilo. Hata hivyo nilihamia readr, kifurushi cha ziada cha R cha kusomea faili kama hizi, kilichotoka mwaka 2015, nacho ni cha bure ukiacha bando la kukipakulia. Kupitia cols, kila safu hutajwa kwa jina pamoja na aina yake: simu ni maandishi, uzito ni desimali, tarehe ni "%d/%m/%Y", yaani siku kwanza, kama tunavyoandika huku. Orodha hiyo nimeihifadhi mahali pamoja na vituo vyote husomwa kwayo, hata kama karani mmoja ametanguliza uzito na mwingine tarehe, maana kinachotazamwa ni jina wala si nafasi.

Kilichonikonga moyo zaidi ni problems, amri inayoorodhesha yaliyoshindikana kusomwa. Karani mmoja alikuwa akiandika "42 na nusu" kwenye uzito. R iliweka NA, alama ya thamani isiyopo, na problems ikanionyesha mstari, safu, kilichotarajiwa na kilichokutwa. Kwa kuwa aina za tunda nilizoruhusu ni Hass na Fuerte tu, "Hasi" nayo ilinaswa.

Kasoro yake ni upole uliopitiliza. Kichwa cha safu kikiandikwa "Uzito" badala ya "uzito", hutolewa onyo tu, kisha aina hukisiwa kwa kutazama mistari isiyozidi 1000, na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndiyo maana .default yangu, yaani aina ya safu isiyotajwa kwenye orodha, ni maandishi: sasa sum hugoma kabisa kujumlisha, nami hujua papo hapo kwamba kuna kituo kilichobadilisha kichwa cha safu.