R.B.I. Baseball au Baseball Stars?

Zote mbili ni gemu za besiboli za Nintendo ya zamani, na bado zina wapenzi. R.B.I. Baseball (1988) ina wachezaji vibonge wenye majina halisi. Vince Coleman wa timu ya St. Louis akifika tu kituo cha kwanza, cha pili hesabu keshakiiba, yaani kakikimbilia bila kungoja mpira upigwe. Haihitaji maelezo, dakika mbili mmeshaanza kutaniana.

Baseball Stars (1989) ya kampuni ya SNK ni ya mtu mvumilivu: unaunda timu yako (ya wanawake pia ipo), fedha za ushindi unawanolea wachezaji, na betri ndani ya kaseti inatunza kila kitu. Ukiwa peke yako, chukua hii. Mgeni akija, naweka R.B.I., na Coleman ni wangu.