Picha ya mamangu kwa leza juu ya mbao: uzoefu wangu

Karakana iko Mji wa Kale, Mombasa, mwendo mfupi kutoka Fort Jesus. Jina sitalitaja, maana kazi ya kwanza ilinivunja moyo. Nilipeleka picha ya mamangu: ushungi mweusi, uso wa maji ya kunde, kipini puani. Nikakabidhiwa doa. Leza huchoma mbao, na mashine ikiachiwa picha vile ilivyo, huunguza kila penye giza. Ushungi, nyusi na shavu la upande wa kivuli vyote vilikuwa kitu kimoja, kipini hakipo.

Aliyeokoa kazi ni fundi mwingine wa hapo hapo, mzee wa maneno machache. Aliiweka picha kwenye kompyuta, akaupandisha mwanga wa ngozi, akaufanya ushungi kuwa mistari inayofuata mikunjo ya kitambaa. Kisha akagusa kioo kwa ncha ya kalamu: “Hapa, mwanangu, moto haupiti.” Kipini sasa ni mbao tupu isiyochomwa, na ndicho king’aacho kuliko chote.

Ujanja huu ni wa kale. Mwaka 1628 Rembrandt, Mholanzi wa miaka ishirini na kitu, alichora kwa sindano juu ya shaba kichwa cha bibi kizee anayesemekana kuwa mamake. Kwa kazi ya namna ile, sahani ya shaba hupakwa tabaka la nta, sindano ikaikwaruza, asidi ikala palipokwaruzwa, kisha wino ukajazwa humo na karatasi ikagandamizwa juu. Giza hutokana na wingi wa mistari. Mwanga ni karatasi iliyoachwa. Picha yenyewe ni ndogo, haijazi hata kiganja, na makunyanzi ya yule bibi utayahesabu.

Kwa hiyo ukienda, usipeleke picha ya pasipoti wala ile ambayo simu imeilainisha ngozi. Mpige mama barazani, mwanga umjie ubavuni. Chagua mbao nyeupe. Shaba inapendeza, lakini kwa upepo wetu wa chumvi utaisugua mpaka uchoke.

Nililipa shilingi 4,500, marudio bila malipo. Kazi ya pili naipa nyota nne. Ya tano wataipata siku watakayoanza kumwonyesha mteja kipande cha majaribio kabla ya kuchoma mbao nzima.